Kozi ya wiki 10 ukiwa na miaka 46 na kazi ya shifti: unalipia nini hasa?

Swali hili limetoka kwa dada mmoja aliyeko Uingereza, mzaliwa wa Tanga, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ameandika hivi: "Mwalimu shikamoo. Nimeona vyuo vikuu vya huku vinatangaza kozi fupi za wiki 10 kwa watu wazima, historia, falsafa, akiolojia, nyota, sayansi ya ubongo, na hawaulizi vyeti. Mimi niliishia form four. Natamani sana akiolojia manake nimekulia karibu na magofu ya Tongoni, ila pia nafikiria hiyo ya ubongo kwa sababu ya wazee wenye dimensia, ule ugonjwa wa kusahau, ninaowahudumia. Wenzangu wananicheka eti miaka 46 naenda ngumbaru ya kizungu. Je ni masomo ya kweli au biashara tu? Cheti chake kitanifikisha popote? Na kiingereza changu cha kuandika sio kizuri, nitaweza kweli?"

Marahaba dada yangu. Nikujibu moja kwa moja kwanza alafu ndio tuingie ndani. Ni masomo ya kweli, utaweza, na kama ungekuwa umekaa hapa mbele yangu ningekwambia chukua akiolojia. Ila kabla hujatoa hela yako uliyoitolea jasho ujue unanunua kitu gani, manake watu wengi wanadhani wananunua masomo, wengine wanadhani wananunua cheti. Masomo yenyewe saivi yamejaa bure mtandaoni, na cheti chake nguvu yake ni ndogo, ntakueleza. Unachokilipia ni mtu mmoja anayeijua fani yake vizuri, akae chini asome ulichoandika wewe kwa mkono wako, akuonyeshe hapa umesema kitu, hapa umerukia, hapa ushahidi wako hautoshi. Hiyo haipatikani yutyubu. Kwahiyo kozi yoyote ambayo hakuna anayesoma kazi yako, usiilipie mamia ya pauni, chukua ile ya bure.

Sasa hao wanaokucheka. Waambie hizo kozi zilianza kwa watu kama wewe kabisa, watu wa kazi za mikono na wanawake waliofungiwa milango ya vyuo. Mwaka 1867 kijana mmoja mwalimu wa Cambridge, James Stuart, alialikwa kufundisha wanawake kwenye miji ya kaskazini mwa Uingereza, Leeds, Sheffield, Liverpool na Manchester. Enzi hizo ilionekana sio adabu wanawake kujibizana na mwalimu mwanamume darasani, basi yeye akawa anagawa maswali yaliyochapishwa, wao wanajibu kwa maandishi, anasoma na kusahihisha na kuwarudishia. Hiyo kazi ya kuandika unayoiogopa ilizaliwa hapo, iliwekwa ili watu walionyimwa sauti wapate pa kusema. Alafu alipoenda kufundisha wafanyakazi kule Rochdale akaacha michoro yake ukutani baina ya somo na somo, akaja kukuta watu wanakusanyika wanaijadili wenyewe, ndio akaona kumbe baada ya mhadhara lazima pawe na muda wa watu kuongea. Cambridge ikaurasimisha mpango huo mwaka 1873, Oxford ikafuata 1878. London walishatangulia kwa njia yao, chuo kinachoitwa Birkbeck saivi kilianza 1823 kwa ajili ya mafundi wanaosoma jioni wakitoka kazini, na mwaka 1830 kikaanza kupokea wanawake.

Kuna na hawa WEA, chama cha elimu ya wafanyakazi, walioanza 1903. Mwaka 1908 walimpeleka R. H. Tawney, ambaye baadae alikuja kuwa mwanahistoria mkubwa wa uchumi, akafundishe wafinyanzi wa Longton na wafumaji wa Rochdale. Saa 2 kila kikao, saa ya kwanza anafundisha, saa ya pili wanabishana, na kila baada ya wiki 2 kila mtu alete insha. Watu waliotoka kiwandani wamechoka hoi, wanaandika insha usiku! Na ukisoma Tawney alivyowaongelea unaona aliwaheshimu sana wanafunzi wale, alisema wazi kwamba wao nao walimfundisha. Kwahiyo huyo anayekucheka hajui anachokicheka. Na hata kwetu usisahau, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ile kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni 2 kwenye vikundi, wanasikiliza redio, wana kijitabu, wana kiongozi, wanajadili, wakitoka hapo wanaenda kuchimba vyoo. Wazazi wetu wamekaa kwenye vikundi vile. Mtu mzima kukaa darasani sio aibu na haijawahi kuwa aibu.

Tuje kwenye mambo ya krediti, yaani pointi za masomo zinazohesabika kuelekea digrii, manake hapa ndipo watu wanapotapeliwa, au tuseme wanajitapeli wenyewe kwa kutokusoma masharti. Kule Uingereza kozi fupi za vyuo vikuu nyingi zinabeba pointi zinazoitwa CATS. Pointi 1 inahesabiwa kama saa 10 za kusoma, kwahiyo kozi ya pointi 10 ni kama saa 100 zote pamoja, kusoma, kusikiliza, kujadili na kuandika. Mwaka mmoja wa digrii ni pointi 120, digrii nzima ya kwanza ni 360. Piga hesabu mwenyewe, kozi yako moja ni sehemu ya 12 ya mwaka wa kwanza. Ndio maana nasema cheti chake nguvu ni ndogo, sio kwamba ni feki, ni kwamba ni kipande kidogo. Vipande vinaweza kuunganishwa, cheti cha elimu ya juu kwa mfano kinataka pointi 120, na vipo vyuo vinavyokuruhusu kuzikusanya kupitia kozi fupi fupi. Ila hakuna chuo kinacholazimika kupokea pointi za chuo kingine, na vingi havitaki zikiwa za zamani sana. Ukiwa na nia hiyo waulize wale unaotaka kwenda kwao, usiwaulize wale wanaokuuzia kozi.

Na kitu kingine, cheti cha kuhudhuria na krediti ni vitu viwili tofauti. Kuna kozi unamaliza unapewa karatasi nzuri yenye nembo, ila hukuandika chochote na hakuna pointi hata moja. Kwa kazi yako ya kea, mwajiri hatakupandisha daraja kwa sababu umesoma akiolojia, nakwambia ukweli ili usije ukavunjika moyo baadae. Kwa upande wa visa, kama uko kwa visa ya kazi kusoma unaruhusiwa, mradi kazi iliyokuleta iendelee kama kawaida. Ila kozi fupi hizi hazimpi mtu visa ya mwanafunzi, kwahiyo ndugu yako aliyeko Tanga akikuuliza mwambie asome zile za mtandaoni akiwa hukohuko nyumbani, hahitaji visa kwa hilo, na asimlipe dalali yeyote anayemwahidi kinyume.

Sasa akiolojia au ubongo. Hapa ntakaa kidogo manake hapa ndio penye swali lako hasa.

Ya ubongo umeichagua kwa sababu ya kazi, na sababu hiyo ni nzuri, ila kwa hilo unaweza kuanza bure kabisa na ukapata kitu kizuri kuliko kozi nyingi za kulipia. Chuo Kikuu cha Tasmania kule Australia wana kozi ya mtandaoni ya kuielewa dimensia, wameitoa tangu 2013, ni bure, na imetungwa kwa ajili ya wahudumu na familia, sio madaktari peke yao. Fanya hiyo. Utaelewa kwanini mzee anakumbuka harusi yake ya miaka 60 iliyopita na hakumbuki kama amekunywa chai asubuhi, utaelewa tofauti ya dimensia iitwayo Alzheimer na ile inayotokana na mishipa ya damu ya kichwani. Ukimaliza ndio uamue kama unataka zaidi, na ukitaka zaidi ujue mbele kuna takwimu, kusoma grafu, kuelewa tafiti zinafanywaje, na hizo zinataka msingi. Nasema hivyo kwa kozi zote za sayansi, watu wanaingia kwenye ya nyota wakidhani ni kutazama picha nzuri alafu wiki ya tatu wanakutana na hesabu za mwanga wanakimbia. Hesabu za form four zinatosha kwa nyingi, ila uzifufue kwanza.

Akiolojia ni habari nyingine, manake huko unaingia na kitu ambacho darasa zima hakuna mwenye nacho. Umekulia Tongoni dada! Msikiti ule, makaburi yale ya nguzo ya karne ya 14 na 15, yenye vishimo palipopachikwa vyombo vya kauri, wewe umeyapita ukienda kisimani. Mwalimu wako wa Uingereza yawezekana hajawahi kukanyaga pale. Kozi ya wiki 10 haitakufundisha Tongoni, tusidanganyane, itakufundisha namna ya kuuliza: tabaka za udongo zinasomwaje, vigae vinapangwaje kwa umri, kaboni 14 inafanyaje kazi.

Chukua hiyo kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo kwenye kila kiumbe hai na inayopungua kikishakufa. Iligunduliwa kama njia ya kupimia umri na Willard Libby na wenzake Chicago miaka ya mwisho ya 1940, na ikampa Libby Nobel ya kemia mwaka 1960. Nusu yake inapotea kila miaka 5,730, kwahiyo ukijua imebaki kiasi gani kwenye mkaa au mfupa unajua umri wake. Rahisi. Lakini magofu yetu ya pwani yamejengwa kwa matumbawe na chokaa ya matumbawe. Kiumbe cha baharini kinakula kaboni ya bahari, na kaboni ya bahari ni ya zamani, kwahiyo ukipima gamba au tumbawe linakwambia ni la zamani kwa miaka mia kadhaa kuliko ukweli, lazima usahihishe. Na hilo tumbawe la kwenye ukuta huenda lilikuwa limeshakufa maelfu ya miaka kabla fundi hajalikata! Sasa tutumie bakuli la China lililopachikwa kaburini? Bakuli linaweza kuwa la babu yake marehemu, limekaa kabatini miaka 80 kabla ya kuwekwa pale. Linakwambia kaburi halijajengwa kabla ya bakuli kutengenezwa, basi, zaidi ya hapo linanyamaza. Unaona jinsi swali moja linavyofungua mengine? Ukiweza kuandika hilo tu, kwa maneno 1,500, kwamba vyombo vya kauri vinatosha au havitoshi kutupa tarehe ya makaburi ya nguzo, umeandika insha ambayo mwalimu wako ataisoma ameacha chai yake ipoe.

Na kuna lile kubwa zaidi, nani alijenga miji hii. Wachimbaji wa zamani akina James Kirkman na Neville Chittick waliiona miji hii zaidi kama kazi ya wageni waliotoka ng'ambo. Baadae Mark Horton akachimba Shanga kule Lamu miaka ya 1980 akaonyesha mji ulianza kwa mikono ya wenyeji ukakua taratibu, na Profesa Felix Chami wa Dar es Salaam akasukuma hoja hiyo mbali zaidi kwa ushahidi wa pwani ya Tanzania. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa DNA kwenye jarida la Nature, watu 80 waliozikwa, wengi wao kwenye miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara, kuanzia karne ya 13 kuja mpaka ya 18, na wakakuta upande wa mama ni wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, upande wa baba wengi una asili ya Uajemi, na kuchanganyika kumeanza kama mwaka 1000 hivi. Wapo waliosema basi wageni ndio waliojenga, wapo waliosema hapana, damu ya aliyezikwa kaburi la heshima haikwambii nani alibuni mji. Wewe unasimama wapi? Hilo ndilo darasa. Na wewe una haki ya kusimama mahali.

Kwahiyo jibu langu ni hilo, ya ubongo bure, ya akiolojia lipia.

Kuhusu kiingereza cha kuandika. Mtu anayeandika ripoti za wazee kila shifti, kala nini, kaanguka saa ngapi, nani kajulishwa, huyo anajua kuandika kwa ushahidi, sema hajaambiwa. Kozi za mtandaoni za Oxford kwa mfano zina kazi 2 tu, ya kwanza fupi maneno 500 katikati ya kozi, ya pili 1,500 mwishoni. Ile ya kwanza ipo makusudi ili mwalimu akuone na akurekebishe kabla ya ile kubwa, kwahiyo usiichukulie kama mtihani, itume hata kama unaiona mbovu. Wanaopotea ni wale wanaosubiri iwe nzuri, wiki zinapita, hawatumi kabisa, na hapo wameitupa ile hela yote.

Tofauti ya uandishi wa huko na wetu ni kwamba sisi tumezoea kuzunguka, salamu, utangulizi, historia, ndio tufike. Wao wanataka msimamo wako uonekane ukurasa wa kwanza, alafu ushahidi, alafu upinzani wa hoja yako uujibu. Andika kwanza kwa kiswahili kama mawazo yanakuja kwa kiswahili, hakuna dhambi, ila usitafsiri mstari kwa mstari, ukishajua unataka kusema nini funga lile daftari uandike upya kwa kiingereza kifupi kifupi. Sentensi fupi hazimwaibishi mtu. Na nakuomba sana usiipe programu ya akili bandia ikuandikie. Kwanza vyuo vingi vinaihesabu kama udanganyifu, ila sababu yangu kubwa sio hiyo. Nimesema unamlipa mtu akusome wewe. Ukimpelekea maandishi ya mashine atasahihisha mashine, na wewe utabaki ulivyokuja. Kila unachokitoa kwenye kitabu cha mtu sema umekitoa wapi na ukurasa gani, hilo wako wakali kweli kweli.

Shifti sasa. Usichukue kozi yenye kipindi cha saa maalum kila wiki, kwa mfano kila jumanne saa 1 usiku, hata kama ni ya ana kwa ana na inapendeza, kwa ratiba yako utakosa nusu. Chukua ile ambayo masomo yanawekwa wiki nzima na majadiliano ni ya kuandika, unaingia saa yako hata saa 9 usiku ukiwa breki. Saa 100 kwa wiki 10 ni saa 10 kwa wiki, na kwa mtu wa shifti hizo hazipatikani kwa mkupuo, zinapatikana vipande, dakika 40 hapa, saa moja na nusu pale siku ya ofu. Soma yale ya lazima tu. Orodha ya vitabu vya ziada huwa ndefu mno, wenye shauku kama wewe wanataka kuimaliza yote, hiyo ndiyo inayowaangusha. Usichukue kozi 2 kwa mkupuo muhula wa kwanza, hata wakikupa punguzo.

Hela. Kabla ya kulipa popote ingia OpenLearn, ni ya Open University ya Uingereza, ile iliyoanzishwa 1969 na ikapokea wanafunzi wa kwanza 1971 bila kuwadai vyeti. OpenLearn yenyewe ni ya bure tangu 2006, ina masomo ya kila aina. Soma somo moja la akiolojia au la historia pale kwa wiki 3 hivi. Ukiona umelimaliza bila kusukumwa, basi uko tayari kulipia. Alafu angalia WEA, bado wapo, ada zao ni nafuu, na watu wa kipato kidogo au wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali wanaweza kusoma bila kulipa, ila kuna masharti ya umekaa nchini muda gani na una visa gani, uliza kabla usije ukajaza fomu ukijua ni bure ukakuta bili. Kozi nyingi za WEA hazikulazimishi kuandika insha, ni kukaa na watu na kujadili, na kama nia yako ni kupata watu wa kuongea nao nje ya kazi hiyo ni nzuri sana, ugenini upweke ni mzigo. Kama nia ni ile ya kusomwa, nenda kwenye ya chuo kikuu yenye pointi.

Vitabu usinunue kwanza. Fungua akaunti ya bure JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, unaruhusiwa kusoma makala 100 kwa mwezi kwenye mtandao wao, na makala nyingi za zamani kuhusu pwani yetu zimo mle. Maktaba ya mtaani kwako pia waulize, wanaweza kukuagizia kitabu kutoka maktaba nyingine kwa ada ndogo.

Mihula mingi inaanza mwezi wa 9 au 10, mwezi wa 1 na mwezi wa 4, na zile nzuri zinajaa mapema. Kwahiyo wiki hii waandikie barua pepe chuo ulichokiona uwaulize: nani anasoma kazi zangu, ni mwalimu mwenyewe wa kozi au mtu mwingine, na ananiandikia maoni au ananipa maksi tu? Kazi nikiichelewesha kwa sababu ya shifti inakuwaje? Na insha ya mwisho naweza kuchagua mada ya pwani ya Afrika Mashariki au lazima niandike kuhusu Warumi wa kale? Hilo la mwisho ndilo litakalokwambia mengi. Wakisema lazima Warumi, tafuta kozi nyingine, zipo. Wakisema karibu, lipa, na mada ya kaburi na bakuli nimeshakupa, ianze hata kabla muhula haujafunguliwa.